Vya Pembeni

Makuu waligawana mwezi haujaandama:
pilau kwa wifi Swabra, mwenye mkono wa bizari,
mbuzi kwa Ami Twalib, ajuaye kuchinja na kujisifu,
mahamri kwa Mama, asiyekubali
mwengine aumue unga wake.
Nikabaki mimi na zamu yangu ya usiku,
na sauti ya Mama kwenye simu:
"We lete mboga tu. Kitu chepesi.
Vya pembeni."

Haya.
Alfajiri ya Idd, takbira zinapokezana misikitini,
nami na viatu vyangu vya wodini
natafuta mchicha Kongowea.
Mama Kadzo hafungi genge kwa mwezi wa mtu.
"Sikukuu bei ni ile ile," anasema,
kisha anaongeza kumi.
Tungule ngumu, vitunguu, ndimu,
mabiringani mawili yenye mng'aro wa viatu vipya,
na kipande cha boga akikatie kwa panga,
mbegu nibakishie.

Nina saa mbili na jiko moja la makaa.

Biringani ndilo la kwanza. Litupe motoni zima,
liache lipasuke, lisinyae, lilie maji.
Usilionee huruma.
Ukilimenya, ndani mna moshi mtamu;
ponda kwa uma, thomu, ukwaju wa kidole kimoja.

Mchicha uoshe maji matatu,
la kwanza la mchanga, la pili la mchanga,
la tatu la kuhakikisha.
Tui jepesi mbele, zito nyuma,
na usifunike sufuria:
ukifunika, ule ukijani unanuna.

Kitunguu cha kachumbari kikate kikonde,
kifikiche na chumvi, kisha kikamue kwa nguvu
ukali wake uende na maji karoni.
Suuza. Chumvi isibaki.
(Swabra hasuuzi. Simsemi.)

Na boga: vipande, iliki, tui,
moto mdogo mpaka kijiko kizame chenyewe.
Watu hutia sukari hapa.
Mimi sitii.

Saa sita na nusu, mikeka imetandikwa,
sinia la pilau linaingia kama bi harusi,
watoto wanapisha, wakubwa wanamswalia Mtume,
Ami Twalib anaeleza upya namna alivyomshika yule mbuzi.
Vibakuli vyangu vinne vimesukumwa
mpaka kwenye kona ya mkeka,
karibu na maji ya kunawia.

Karibu na Mjomba Shebwana.

Mwezi uliopita nilimwona kliniki, foleni ya sukari,
kofia kaishusha mpaka nyusi.
Kidole cha mguu kimoja hana sasa.
"Mwanangu," alisema, "nyumbani wasijue.
Wataanza kunipikia uji."
Huyu, aliyekuwa akikomba ukoko
chungu kingali moto.

Namtazama anavyojipakulia.
Boga katikati ya sahani, mlima.
Mchicha ubavuni mwake, biringani juu,
kachumbari pande zote.
Halafu pilau, kijiko kimoja,
kule ukingoni,
kama mtu anavyoweka achari.

Hakuna aliyeona. Wote macho kwa mbuzi.
Anakula taratibu, kidole kwa kidole,
viatu vyake vya kufunika bado mguuni, ndani ya nyumba,
na Mama anavitazama kidogo, anaacha.

Mara Mama anaonja boga langu.
Anatafuna. Anasimamisha shavu.
"Hili boga umesahau sukari."

Mjomba anainamia sahani.

"Kweli, Mama," nasema. "Usingizi.
Nimesahau."

"Kitu chepesi tu nilikuagiza," anasema,
na mkono wa Mjomba, polepole,
unakivuta kibakuli upande wake.