Betri Hailali Nje

Huku Matamba betri hailali nje.
Jioni Tweve huifungua kwa spana kumi na tatu,
huibeba kifuani kama ndama aliyezaliwa vibaya,
huiweka jikoni karibu na mafiga,
na mkewe Nesta huiambia, "Karibu, mke mwenzangu."

Mimi utingo hulala ndani ya lori.
Kazi yangu usiku ni kusikiliza bati la jikoni.
Likianza kulia kwa kujikunja
najua nyasi zimeshavaa chumvi,
na majani ya viazi ya watu
yataamka meusi.

Saa kumi na moja. Juni.
Joto lote liliteremka Chimala na lori la jana.
Nasukuma karai la makaa chini ya tumbo la injini.
Oili imekuwa ugali, dizeli imeota utando.
"Usilisogeze sana," Tweve anasema,
"tunaiamsha, hatuichomi."

Nesta anatoka na sufuria:
nusu ya chai, nusu ya pampu.
Tweve anamimina juu ya kitambaa, kidogo kidogo,
kama anayemwogesha mkwe.

Piga.
Selfu inasema: mm.
Piga.
Mm-mm, sauti ya mtu akikataa chini ya blanketi.

Nimewaona madereva wa Mbeya mjini
wakiitukana injini mpaka mama yake.
Tweve hafoki. Analegeza nati ya bomba la kwanza,
ananiita kwenye pampu ya mkono,
na povu linatoka, tsss,
hewa iliyokuwa imejificha.
Hewa hii hii tunayovuta.
Humo ndani ni sumu.

Kidole gumba hakijui tena kama ni changu.
"Endelea. Mpaka itoke kimya."

Piga.
Moshi mweupe. Silinda moja imeamka,
inaita wenzake:
du.
Du... du.
Kikohozi. Mbwa wa kwa Chaula wanabweka.
Inataka kuzima.
Nesta amekumbatia sufuria tupu, hapepesi.
Du-du, du, du-du-du,
na ghafla zote sita,
vikombe vinagongana jikoni,
moshi unakuwa mweusi, halafu hauonekani.

Hakuna aliyeshangilia.
Tuliweka viganja juu ya boneti, watatu,
kama watu wanaoapa,
mpaka Nesta akasema, "Chai imepoa,"
akaingia ndani.

Kilichobaki ni jiwe chini ya tairi.
Linanigandia mikononi,
halitaki kuachana na ardhi, wala na mimi.
Nakimbia nalo. Lori limeshaanza kuteremka,
lumbesa sabini, kona hamsini na saba,
na mlango wa upande wangu
Tweve kaufungua kabla sijaufikia.