Tanzia ya Mtu wa Mwavuli

Suhasini amepiga simu kutoka Pune
kuniambia Tipnis amefariki.
Tipnis yupi?
Akasema: yule wa mwavuli.
Nikakaa juu ya gunia la saruji,
hapa Kiboriloni, mchana kweupe,
mafundi wakinitazama.

Hakuwa nyota. Nyota alikuwa na nywele,
na pikipiki, na binti wa kuimbiwa.
Yeye alikuwa karani, tarishi, mdai,
shemeji aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwaka;
mfupi, suruali imepanda juu ya kitovu,
anaingia kwa mlango wa uani
na macho yetu yote yanamhamia.

Baba yake Suhasini, Mzee Sathe, alikuwa fundi saa,
duka lake upana wa kabati, nyuma ya stendi ya Moshi.
Jumapili alitufungulia sebule,
watoto wa mtaa mzima na vumbi letu,
akaweka kanda yenye mikwaruzo.
Kimarathi hatukujua hata neno la kuombea maji.
Tulisoma mabega yake.

Sasa kuna mahali
anaingia nyumba ya watu, anatafuta kitu.
Chini ya kitanda. Ndani ya sufuria.
Anamwinua bibi kizee aliyesinzia, anachungulia,
anamrudisha taratibu, kama yai.
Anafungua mwavuli humo humo ndani: hamna.

Siku hiyo Baba alikuja kunifuata na fimbo.
Mwaka ule walikuwa wamemfukuza kwenye mizani ya kahawa,
risiti kumi na moja hazikuonekana,
na kwetu hata vijiko vilinong'ona.
Alisimama mlangoni. Akaangalia.
"Anatafuta risiti huyo," akasema,
akacheka, Baba, akacheka mpaka akashika mwimo,
mpaka Mzee Sathe akamletea maji,
mpaka nikaona pengo la jino nisilolijua.
Fimbo tuliisahau kule.

Miaka baadaye nilimuuliza Mzee Sathe:
hivi alikuwa anatafuta nini?
Akaanza kueleza, akacheka, akafuta macho,
akaanza upya.
Amezikwa na sentensi hiyo nusu.

Jioni nimepanda Uru.
Baba anamenya mchare, ukungu umemeza mgomba wa mwisho.
Nimemwambia: yule mtu wa mwavuli amekufa.
Kisu kimesimama.
Kisha ndizi moja, ya pili, kimya.

"Aliipata?"