Ganda

Jumamosi, saa moja asubuhi, treni ya Kigoma imekwisha piga honi
nami nimeshafika na ndoo yangu ya rangi:
mipira sabini na mitatu, nimeiokota wiki nzima
mitaroni, vichakani, chini ya miyombo
ambako wenye fimbo hawapendi kuinama.
Nimeisugua kwa sabuni ya unga na mswaki uliokwisha meno.
Inang'aa. Lakini kung'aa si kitu.

Mama Kalunde wa duka la dawa, Isevya,
anaingiza mkono ndooni kama anayechagua mayai.
Anatoa mweupe pe, hauna hata mkwaruzo.
"Huu unakwenda mbali," anasema.

Unakwenda mbali, ndiyo, mama.
Lakini nimebeba mkoba wako miaka minne
na sijaona mpira wako ukifia mbali.
Unafia karibu.
Unafia hatua thelathini kutoka shimoni,
pale unapoinua weji ukausindikiza kwa dua,
nao ukafika grini, ukapita grini,
ukaisalimu bendera kama mgeni mwenye haraka,
ukaenda kulala kwenye mtaro wa reli.

Njoo nikuonyeshe.
Udondoshe huo mweupe hapa kwenye saruji. Sikia: ko!
Ganda gumu, punje ya hindi lililokauka darini.
Weji ikiugusa unateleza usoni pa chuma
kama sabuni mkononi mwa mtoto.
Haushikiki, hauzunguki, unakimbia tu.

Sasa huu. Kijivujivu, mtu ameuandika herufi S kwa kalamu.
Sikia: du.
Bonyeza kwa ukucha wa gumba. Umeona unavyozama kidogo?
Hilo ndilo ganda laini. Mifereji ya weji inaling'ata,
mpira unaondoka ukijizungusha kinyumenyume
kama mtu anayeaga na bado ana neno,
na ukitua, unakumbuka ulikotoka.

Na ule wa bwawani uache, hata uwe na jina kubwa namna gani.
Umelala majini tangu masika, moyo wake umelowa.
Nilimuuzia Bwana Nkwabi mmoja.
Sijui mpaka leo kama amenisamehe.

"Bei?"
Elfu tatu.
"Na mweupe?"
Elfu moja na mia tano.
Akanitazama kama wateja wake wanavyomtazama yeye
akiwaambia dawa yenyewe ni ile ya ghali.
Akatoa elfu tatu.

Shimo la saba. Kiangazi kimeifanya ardhi kigae.
Akapiga pigo lake lilelile la miaka minne,
lile la kumsihi mkimbizi.
Mpira ukatua, ukadunda mara moja,
mara ya pili ukashika breki,
ukasimama
hatua nane kabla ya shimo.
Wenzake wakacheka. Yeye hakumtazama mtu ila mimi.
Nikakagua kamba za viatu vyangu.
Hata tulipokuwa njiani kwenda la nane ndipo nikasema:
mpira umetii, mama.
Wewe ndiye bado unazungumza na ule wa zamani.

Siku ile alikuwa wa sita, kati ya tisa.

Jumatatu jioni nikamkuta peke yake nyuma ya grini ya tatu,
kanga kiunoni juu ya suruali,
akiupiga ule wa herufi S, hatua thelathini, ishirini, kumi na tano,
akiufuata, akiurudisha, akiusemesha kitu kwa Kinyamwezi.
Safari hii alipiga kwa nguvu, bila kuomba.
Mpira ulipita juu ya bendera ukaghairi.
Sikumwita. Nilikuwa na ndoo ya kujaza.

Jumamosi iliyofuata aliitangulia treni.
Kucha zote amezikata fupi, ya gumba ameiacha.
Akachutama, akabonyeza mmoja mmoja, kimya, mpaka wa arobaini.
Akatenga minne, yote michafu.
"Hii," akasema. "Na hiyo inayong'aa
mpelekee Nkwabi."