Hakuna Kisanduku cha Upepo

Mkaguzi wa cheti alifika Mwakirunge Jumanne, na viatu vyeupe,
akasimama juu ya ukoka
kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe.
Fomu yake ina visanduku.
Mbolea ya dukani? Hapana.
Dawa ya kuua magugu? Hapana.
Dawa ya kupe?
Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia: kuku.
Kuku thelathini na mmoja, siku tatu nyuma ya ng'ombe,
wanachakura mavi, wanadonoa kupe na mabuu ya nzi.
Tena kuna mwanangu Nyevu na ndoo ya mwarobaini uliopondwa,
anawapaka ng'ombe masikio mmoja mmoja, akiwaita kwa majina.
Akaandika: kuku.
Akapigia mstari.

Hakuuliza habari ya upepo.

Kaskazi ikishika, harufu ya jaa hutufikia kabla ya adhana,
na nyuma ya harufu huja mifuko,
ile iliyopigwa marufuku, ambayo haijasikia habari.
Hutua juu ya lukina kama kitu kilichochanua.
Tunaiokota kabla ya kufungua zizi,
mimi, Nyevu, na Ndurya niliyemwajiri:
gunia moja, gunia na nusu,
kukivuma sana, mawili.
Jaa lina malori. Sisi tuna mikono sita.

Mwezi wa Machi ulitupita mfuko mmoja.
Sijui. Labda kumi.
Karafuu alianza kwa kukataa pumba,
akawa anacheua hewa,
ubavu wa kushoto ukavimba, ukigongwa unalia kama ngoma.
Daktari alikuwa Likoni, kwenye foleni ya feri,
akanielekeza kwa simu pa kuchoma.
Nilichoma.
Hewa ikatoka kwa kelele, nikashukuru,
na kabla sijamaliza kushukuru
kile kingine nacho kikatoka.

Tulipompasua tulikuta furushi,
uzito wa mtoto wa miezi mitatu, limesokotwa gumu,
na ubavuni mwake, herufi bado zasomeka,
jina la duka ambalo mimi mwenyewe
nilikuwa nikinunua sukari.

Mchinjaji wa Kongowea akapiga simu: nyama ni nyama, mama.
Bei yake ingelipa ada ya cheti na chenji ikabaki.
Nilihesabu. Sitasema uongo, nilihesabu mara mbili.
Kisha tukachimba, Ndurya na mimi, mpaka usiku,
na jembe likagonga matumbawe likatoa cheche.

Shemeji yangu Tsuma hucheka: watu wanalima mahindi, wewe walima mavi.
Ndiyo, nalima mavi.
Kila alfajiri tunasogeza waya wa sola hatua arubaini,
ng'ombe waingie kwenye nyasi mpya, ile ya jana ipumzike.
Waya ukizima, wanaingia kwa jirani kwenye mihogo,
na mchana wote nashinda naomba radhi.
Hoteli ya Shanzu hutaka maziwa yangu, hulipa baada ya siku sitini.
Lakini njoo uvunje bonge la udongo pale tulipoanzia.
Palikuwa jiwe tupu. Sasa pana nyungunyungu,
pana mzizi mweupe, pana dundu wa mavi
anayesukuma fungu lake kinyumenyume
kama hamali aliyekasirika.

Mkaguzi akafika chini ya ukurasa.
Una la kuongeza? Pana mistari mitatu.
Nyevu akachukua kalamu kabla yangu, akaandika:
Karafuu. Alikuwa akipenda chumvi.
Yule bwana akasoma, akafungua mdomo, akaufunga.
Hakufuta.

Alipogeuka kuondoka, mfuko wa buluu
ulikuwa umemnasa kwenye kiatu.
Akautoa. Akatazama huku, akatazama huku,
hajui pa kuuweka.

Nikamfungulia gunia.