Tangi la Tatu

Baba yangu, Ewald, alifua chuma miaka thelathini na mmoja,
na njiwa wake weupe, huku kwetu Silesia,
walizaliwa weupe wakafa wa kijivu.
Mama alianua mashuka, akayatazama, akayafua upya,
akatukana kwa Kijerumani,
lugha ambayo mtaa mzima ulijifanya hauijui.

Gesi ya tanuri, isiyo rangi wala harufu,
ndiyo iliyomlaza mjomba Alojz chini ya ngazi,
mkate wake wa saa sita ungali kwenye karatasi.

Gesi hiyo hiyo leo naipitisha bombani, naipeleka chakula.
Walaji wangu hawaonekani kwa macho.
Ukoo wao, nicheke nisicheke, ulitoka kwenye kinyesi cha sungura:
mjanja yule, kumbe hata alichokiacha nyuma kina akili.
Wanakula sumu, wanakojoa spiriti.

Siku ya wageni Baba alikuja, kofia mkononi kama yuko kanisani.
Akanusa chupa.
"Inanyweka?"
"Ya magari, Baba."
"Basi magari yana bahati kuliko mimi,"
akacheka hadi kikohozi kikamdaka,
nacho hakikuwa na haraka ya kumwachia.

Sitakudanganya. Tanuri bado linatoa moshi,
tunachokinga ni kata moja kwenye mto.
Na spiriti ikishachomwa, moshi wake unapanda vilevile;
tumeutuma kazi ya pili tu kabla haujaondoka.

Jumanne usiku valvu ikalegea. Hewa safi ikapenya,
hii hewa yako na yangu, ya njiwa, ya watoto wachanga,
na tangi la tatu likanyamaza.
Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, yakaisha.
Walikufa kwa kile alichokikosa Alojz.

Nikakaa sakafuni na glavu zangu,
mtu mzima, nina mkopo wa nyumba,
nikalia kwa ajili ya bakteria.

Alfajiri nikafungua jokofu, nikatoa kichupa cha mbegu,
si kikubwa kuliko kidole gumba,
nikakibeba korido nzima kwa mikono miwili
kama mtu aliyekwenda kuomba moto kwa jirani,
ingawa kifuniko kilikuwa kimekazwa, najua, nilikikaza mwenyewe,
nimebana pumzi.