Minani Apiga Hesabu

Mkutano wa mfuko wa matibabu, ghala la kahawa, Manyovu,
harufu ya maganda mabichi imeingia hadi kwenye daftari.
Hoja ya tatu: sindano, vidonge, vijiti vya mkononi.
Je, mfuko ulipie?
Nikainuka mimi, mtunza hesabu, kalamu sikioni:
"Tukiongeza huduma, ada itapanda.
Kila kaya, shilingi mia tisa zaidi. Nani atatoa?"
Wakanipigia makofi. Wanaume hasa.

Dafroza wa zahanati hakupiga.
Alifungua rambo, akamwaga stakabadhi mezani:
upasuaji, chupa mbili za damu,
mafuta ya gari hadi Maweni usiku wa mvua,
mtoto njiti, siku kumi na tisa.
"Hizi," akasema, "mlilipa bila kuuliza ada."

Nikaenda nazo nyumbani.
Kwenye mwanga wa taa ya sola nikachora mstari:
kushoto kijiti kimoja, miaka mitatu;
kulia mzazi mmoja, usiku mmoja.
Nikatoa ambao wangejifungua salama,
nikatoa wasiotaka kijiti wala kukisikia.
Kulia kukazidi kuwa kuzito,
hata nilipokosea kwa makusudi.
Ada ilipanda, ndiyo, mwaka wa kwanza:
mia tatu na sitini, si mia tisa.
Wa pili ikasimama.
Wa tatu ikaanza kushuka
kama mtu ateremkaye kilima na mkungu kichwani,
akipapasa njia kwa kidole cha mguu.

Hapo ningelala.
Lakini kwetu Buha majina nayo ni hesabu.
Wa saba ni Nyandwi, dada yangu, muuza maharage Munanila.
Wa nane ni mimi.
Mama angewekewa kijiti baada ya wa sita, tuseme,
kalamu hii ingekuwa sikioni kwa mwingine.
Nilikaa na jambo hilo mpaka taa ikafifia.
Halina safu.

Na wa tisa angeitwa Nyabenda.
Walimbeba mama kwa machela kuelekea misheni,
wanaume wanne wakipokezana na wanne.
Walipofika mtoni hawakuwa na haraka tena.

Mkutano uliofuata nilisoma tarakimu bila kuinua uso.
Buchumi akauliza kutoka nyuma, juu ya magunia:
"Kwa hiyo, mtunza hesabu, ungependa usizaliwe?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.
"Ningependa," nikasema, "mama angeulizwa."

Kura: ishirini na moja kwa kumi na nane.
Dafroza akakusanya stakabadhi zake, akazikunja ndani ya rambo,
akaniomba pini.

Mia tatu na sitini.
Nimelipa yangu, nimemlipia na Nyandwi.
Chini ya jina langu, kwa kuwa daftari hili ni mimi nalitawala,
nimeruka mstari mmoja.
Mkaguzi akiuliza, nitasema wino ulikwama.