Ukungu wa Iyunga

Ukungu una maana mbili nyumbani kwangu.
Wa kwanza hushuka mlimani bila hodi,
hukalia bati mpaka saa nne.
Wa pili huja ndani ya belo,
umelala kwenye mishono ya mikoba
kama mvi changa.
Wa kwanza sina la kuufanyia.
Wa pili naufuta kwa siki na maji,
kwa fulana yangu ya zamani ya karakana.

Subilaga hununua Mwanjelwa alfajiri,
belo likifunguliwa, watu wakigombea kwa viwiko.
Hurudi na saba, siku nyingine tisa,
huimwaga mezani:
"Haya, fundi. Huyu mgonjwa, huyu mahututi,
huyu sijui kama ataamka."

Miaka ishirini na sita nilipaka grisi magurudumu ya treni.
Ngozi haitaki grisi.
Hilo nililijua kwa hasara: mkoba wa kwanza
ulilewa mafuta, ukalegea kama sikio la mbuzi.
Wa pili niliuanika juani, Julai,
jua lile la kwetu lisilo na joto, nikalidharau.
Jioni ulikuwa umepasuka kama kisigino.
Mke wangu hakusema neno.
Alipika, akapakua, akanitengea,
na ukimya ule ndio uliokuwa mboga.

Sasa najua. Kitambaa kiwe na unyevu, kisiwe na maji.
Povu la sabuni, si sabuni.
Mswaki uliostaafu, kama mimi,
kwa pembe na kingo za bizimu.
Tumbo lijazwe magazeti,
kisha kivulini, mbali na jiko la mkaa, siku mbili,
hata wateja wapige simu.
Harufu ya makabati ya watu wa mbali
huondolewa na kahawa ya Mbozi,
kifurushi kimoja, usiku mmoja.
Zipu iliyokaidi naisugua kwa mshumaa,
ikiteleza, hapo hapo naisikia reli.
Mwisho nta kidogo na mafuta ya parachichi,
mviringo, mviringo, kwa kidole,
mpaka ngozi ianze kunywa.

Ngozi hunywa. Hilo sikufundishwa na mtu.
Ndiyo maana Waswahili hawakuhangaika na jina la pili:
ya mkoba ni ngozi, ya mkono huu ni ngozi,
na mkono huu haujawahi kuwa laini hivi
tangu nilipooa.

Vijana wa kijiweni huniuliza,
"Mzee Ambakisye, leo unabeba pochi gani?"
Nawajibu: ya hudhurungi.

Mifukoni nakuta mabaki.
Kibanio cha nywele. Tiketi ya basi
ya mji nisioweza kuutamka.
Orodha ya vitu vya dukani, mwandiko wa haraka,
neno moja limekatwa kwa mistari miwili.
Alighairi nini?
Naviweka kwenye kopo la majani ya chai.
Hakuna atakayevifuata, najua.
Navifungia tu.

Mwezi wa nane ulikuja mmoja mweusi,
bizimu ya shaba, kamba imekatika,
ukungu umetanda shavu zima.
Niliufanyia kazi siku kumi na moja.
Kamba niliishona kwa uzi uliopakwa nta,
tundu kwa tundu, bila kuongeza tundu.
Ulipong'aa sikuutia kwenye fungu la sokoni.
Nikamwambia Subilaga: huu wako.
Maana miaka yote hii
anawauzia wenzake mikoba
na fedha zake zinalala pindoni mwa khanga.

Aliutia begani. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha,
upande huu, kisha ule.
Asubuhi akatoka nao.

Jioni akarudi, bega tupu.
"Nesi mmoja wa Meta. Hakuomba hata kupunguziwa."
Akafungua fundo la khanga kwa meno,
elfu arobaini, akazipanga
kati ya mswaki na mshumaa.

Nilitaka kukasirika.
Nje ukungu ulishafika dirishani.
"Kesho wanafungua belo jingine," akasema,
akauvuta mkono wangu, akaunusa
kama anayekagua mzigo,
na hakuurudisha upesi.